Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Hosiana

Mtu wa kwanza ambaye Hosiana alimwona aliporudi kwao ni Suzana muuza maandazi, waliyeimba naye kwaya ya akina mama miaka na miaka. Bodaboda ilikuwa imemshusha kabla ya kufika, maana mvua za masika zilikuwa zimeila barabara ya kutoka Rwamgasa, akawa anamalizia kwa miguu, begi begani. Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Ng'ambo ya bonde makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu yalinguruma kama alivyoyaacha, na hata vumbi lilinuka vile vile. Alipomwona Suzana na beseni lake kichwani akacheka peke yake kwa furaha, akamwita, akamuuliza habari za siku nyingi.

Suzana hakupiga kelele wala hakukimbia. Alitua beseni chini taratibu, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, akageuka akampa mgongo. Akasimama hivyo, kimya, kama mtu aliyejibanza ukutani anangoja mvua ipite. Hosiana akamsalimu tena, kwa jina. Suzana hakugeuka.

Huku kwetu hakuna anayenyimwa salamu. Hata mtu mliyeshitakiana kwa mpaka wa shamba, mkikutana asubuhi mtaulizana mmeamkaje, ndipo mwendelee kununiana. Mtu mzima kunyimwa salamu, tena na shoga yake, hapo kuna jambo. Na Hosiana, mzaliwa wa pale, alilijua jambo lenyewe kabla hajaambiwa. Akapita pembeni ya maandazi, akajisemea moyoni kwamba walishamlilia matanga.

Ukoo wao ni Wazinza, na walikuwa na desturi yao. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hawakumwacha azurure bila mahali pa kulala. Walikata shina la mgomba lenye urefu wake, wakalivika nguo zake, wakalizika kwa jina lake, wakalia, wakanyoa, yakaisha. Toka hapo, sauti yake ikitokea ikakusalimu, usiitikie. Ukiitikia umekubali kumsindikiza. Hosiana alipokuwa mdogo walisimuliwa jikoni habari za babu mmoja aliyekwenda kukata mkonge, akapotea, akaliliwa, kisha akarudi na blanketi jipya. Hakuna aliyemwitikia. Aliishi kwenye kibanda nje ya ua, akiwekewa chakula juu ya jani, mpaka alipokufa mara ya pili. Watoto walikuwa wakicheka sana hapo kwenye mara ya pili.

Sasa ilikuwaje mtu anayetembea akazikwa?

Hosiana alifiwa na mume mapema, hakujaliwa mtoto, akampa Bwana miguu yake. Alikuwa mwinjilisti wa kambi za wachimbaji. Aliwahubiria wanaume wa kila kabila, Waislamu kwa Wakristo walimwita mama, na waliofukiwa mashimoni bila ndugu aliwaosha yeye. Wageni wa kanisa kutoka ng'ambo walimwona akiifanya kazi hiyo, wakaomba afuatane na wamisionari wao wawili kwenda Papua, nchi ya visiwa iliyo mbali upande wa jua kuchomoza, kwa watu wanaokaa juu kabisa ya mto, ambako hata barabara haijafika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Watu walimcheka. Lakini mama yake, Bibi Esta, alimshika kichwa, akambariki, akamwambia neno moja tu. "Huko uendako, usiache kuniamkia. Nitasikia."

Kule alikuta mto wa rangi ya chai, na watu weusi kama yeye, nywele kama zake. Katika kijiji cha mwisho bibi mmoja alimshika mashavu yote mawili, akamtazama muda mrefu, akalia, akamwita Yameri. Mkalimani akaeleza kwamba Yameri alikuwa binti wa bibi huyo, mto ulimchukua zamani. Bibi aliamini wafu wake hurudi hivyo, kutoka mbali, wamesahau lugha. Hosiana akakanusha kwa upole. Akakanusha na kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara bibi alitikisa kichwa kama anayekubali, kisha akamwita Yameri aje ale.

Halafu homa ikamwangusha. Wenzake wakatangulia chini na mtumbwi wa injini kufuata dawa, begi lake na pasipoti yake vikiwa humo. Mto ukawapindua. Waliookota mizigo waliona pasipoti tatu, wakatoa habari kwamba watu watatu wamezama. Habari hiyo ilipofika Mwanza, na kutoka Mwanza kufika Rwamgasa, Hosiana alikuwa amelala kwenye mkeka wa bibi yule, anapewa supu kwa kijiko.

Alikaa kule masika nzima na kiangazi chake, kabla mtumbwi mwingine haujathubutu kupanda. Na kila siku jua likizama alitoka nje, akageukia upande aliodhani ni wa kwao, akasema, "Shikamoo, mama." Nyuma yake, mlangoni, bibi wa kule aliitikia. Lilikuwa neno pekee la Kiswahili alilojifunza, naye alilivuta mwisho likapanda juu kama swali. "Marahabaa?" Mwanzoni Hosiana alitaka kumwambia kwamba salamu ile si yake. Baadaye akaacha. Mtu mgonjwa, yuko peke yake, anaitikiwa, nani angekataza? Na siku moja bibi alipoita Yameri kutoka jikoni, Hosiana alishtukia ameshaitika.

Aliposhushwa mjini hatimaye, kichwani alikuwa na namba moja tu ya simu, ya baba yake mdogo Donatus. Akapiga. Akasikia simu inapelekwa kwa mama yake. Akasema shikamoo, na sauti yake mwenyewe ikamrudia sikioni, imechelewa, kana kwamba kuna mwingine pale katikati anayemwiga. Upande wa pili kitu kikaanguka. Toka siku hiyo namba ile haikupatikana tena.

Basi asubuhi hiyo alipita kwanza kwa Mchungaji Eliya, maana alijiambia kanisa halina habari na migomba. Mchungaji alifungua dirisha upana wa kiganja. Hosiana akasema Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji akafumbua mdomo aseme amina, amina ikamkwama, ikatoka kikohozi, dirisha likafungwa. Ndiye aliyeongoza ibada ya kumuaga.

Nyumbani alimkuta Donatus uani, anamfunga mbuzi kwenye kigingi. Mzee alipomwona alikaa chini mzima mzima. Hosiana akapiga magoti pale pale penye mpaka wa ua, akamwamkia. Donatus akamgeukia mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, "kama kuna mtu amekuja, mwambie sisi hatujambo. Lakini asivuke hapo alipo."

"Baba mdogo, mimi ni mzima. Nishike mkono uone."

"Mbuzi, mwambie hata yule wa mkonge alikuwa na mikono."

Hivyo ndivyo walivyozungumza, mbuzi akiwa katikati, anatafuna. Kwa njia ya mbuzi Hosiana alielezwa yote. Simu ilipopigwa na mama yake akaiangusha, Donatus alichomoa laini akaitupa kwenye duara lililoachwa, lile shimo refu la wachimbaji lililo nyuma ya kisima. Ofisi ya kanisa Mwanza nayo ilimpigia Mchungaji kusema mtu wenu yu hai, Mchungaji akawajibu kuwa siku hizi matapeli wanaiga hata sauti za marehemu. Mama yake amedhoofika. Hali ugali ila uji. Akimwitikia mtu aliyeliliwa, Donatus alimwambia mbuzi, tutamzika kabla ya Jumapili.

Hosiana akauliza kama hakuna namna ya kuondoa jambo hilo. Mzee akamkuna mbuzi shingo. Ipo, akasema mwishowe. Mkono uliofukia ndio ufukue. Yule wa mkonge alikosa bahati, aliyemzika alikuwa ameshakufa. Lakini huyu wa sasa alizikwa na Maganga, mchimbaji, Msukuma wa Songwa, kwa sababu vijana wote wa ukoo walikuwa wamekimbilia machimbo mapya. Tena alizikwa vibaya. Kwao Songwa kuna pamba na almasi, mgomba anaujua ukiwa ndizi sokoni. Alitumwa kukata shina, akang'oa mgomba mzima na tunguu lake, lile shina nene la chini ya ardhi, na mizizi yake, ukavikwa nguo usiku usiku, ukafukiwa bila mtu kuangalia chini.

"Mwambie aende nyuma ya nyumba," Donatus akamwambia mbuzi, "akajione."

Hosiana alikuwa ameapa moyoni kwamba hatafanya tambiko lolote. Yeye ni mtumishi. Angekaa pale pale mpakani, anaomba, mpaka wachoke kuogopa. Lakini akaenda kuangalia.

Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao, jina lake limeandikwa kwa rangi ya bluu. Na pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa, mgomba ulikuwa umesimama, mnene, umempita kimo, na watoto wake watatu pembeni. Ulikuwa na mkungu. Ndizi zilikuwa zimeiva mpaka zimepasuka ganda, na hakuna ndege aliyezidonoa. Nchi yote pale ilikuwa imekauka kwa jua, ila chini ya mgomba palikuwa na duara dogo la udongo mbichi, kama pamemwagiwa maji jana, na juzi, na kila siku.

Jua lilikuwa limefika utosini. Makarasha yakanyamaza, wachimbaji wanakula. Katika ukimya huo akasikia fimbo inagonga ardhi.

Bibi Esta alikuja na kopo la maji. Alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha, amebaki macho na kanga. Alimpita Hosiana karibu kabisa, akanuka moshi na maziwa ya mgando kama zamani zote, na hakumtazama. Akamwaga maji shinani polepole. Kisha akaanza kuusimulia mgomba habari: kuku mweupe ameatamia, binti wa Suzana amejifungua salama, ukuta wa jikoni umeanguka. Alisimulia kama mtu anayezungumza na mwanawe aliyekaa kwenye kigoda.

Hosiana alishindwa kujizuia. "Mama," akasema, "shikamoo."

Fimbo ikatulia. Bibi Esta hakugeuka. Aliuambia mgomba, "Leo umeniamkia karibu sana, mwanangu. Siku zote sauti yako inatokea chini huko, mbali. Nisamehe. Wamenikataza kuitika."

Hosiana akahesabu saa. Saa za kule ziko mbele. Jua likizama Papua, huku ni mchana kama huu.

"Ila kuna kitu nataka kukuuliza," mama yake akaendelea, bado anautazama mgomba. "Yule mwanamke anayekuitikia ni nani? Namsikia. Wewe ukisema shikamoo, yeye anaitika mbele yangu. Anavuta mwisho, kama anauliza. Nimekaa hapa namsikiliza anakula salamu zangu, na mimi mdomo nimeufunga."

Akaliweka kopo chini, akalifunika kwa jani la mgomba, akaondoka na fimbo yake. Udongo ulioloa ulikuwa unakunywa maji kwa sauti ndogo, kama mtoto anayenyonya.

Hosiana alibaki amesimama, na kiapo chake kikamtoka. Aliona kwamba angeweza kukaa mpakani akiwa mshindi, na mama yake akafa mdomo umefungwa. Alikumbuka kwamba Bwana alipotoka kaburini hakuwakemea walioogopa, aliwaonyesha mikono. Akarudi uani, akamwambia mbuzi wamwite Maganga. Ila hakuna damu itakayomwagwa, na ataanza yeye kuomba. Donatus akafikiri, akajibu kwamba hilo kuku watalishukuru.

Maganga alikuja moja kwa moja kutoka mgodini, mweupe kwa vumbi la mawe, sururu begani. Mtu wa kutoka mbali hakufungwa na miiko ya ukoo ule. Hata hivyo alianza kwa kumtazama Hosiana miguu, kuona kama inagusa chini. Aliporidhika akainama.

"Shikamoo, mama mwinjilisti."

"Marahaba, baba," Hosiana akasema, na machozi yakamtoka, maana lilikuwa neno la kwanza la binadamu alilopewa tangu asubuhi.

Donatus hakumwacha Maganga bila utani. Alisema Msukuma ukimtuma shina anakuletea shamba zima. Majirani walioanza kukusanyika kwa mbali wakaguna, kucheka wanaogopa. Maganga akatemea mate viganja.

"Mzee, mngeniambia mnazika mtu, nisingewaletea mche," akasema. "Kwetu kitu ukikifukia na mizizi yake, maana yake unakitaka."

Hosiana akaomba, sala fupi, sauti imekauka. Maganga akauangusha mgomba, akachimba. Alichimba vizuri, pande zote sawa, kama anavyochimba duara. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu, kisha ukawa mweusi, umeloa, unanuka kama chumba cha mzazi. Alipofika usawa wa kiuno akaacha sururu, akatumia mikono. Halafu akaacha na mikono. Mtu yule alikuwa anashuka ardhini kila siku kwa kamba, tochi mdomoni, bila hofu. Sasa alipanda juu, akakaa ukingoni, akaomba maji ya kunywa.

Ndani ya shimo kulikuwa na gauni la kwaya, la bluu, kola nyeupe. Halikuoza. Tunguu la mgomba lilikuwa limevimba ndani yake likalijaza, kifua na tumbo. Mizizi ilikuwa imepita kwenye mikono ya gauni, ule wa kulia na ule wa kushoto, ikatokeza kwenye mapindo yake, myeupe, minene, na kila mmoja mwishoni umegawanyika. Hakuna aliyehesabu umegawanyika mara ngapi. Wote walikuwa wamefumba macho au wametazama pembeni, isipokuwa Bibi Esta.

Yeye alipiga magoti, akanyoosha mkono shimoni, akaushika ule mzizi uliotoka kwenye mkono wa kulia. Akaushika kama unavyomshika mgonjwa. Hosiana akapiga magoti upande wa pili, akanyoosha mkono wake vile vile, asimguse, akauacha hapo hewani. Bibi Esta akatazama huku, akatazama huku.

"Huko ulikokuwa," akasema, na safari hii hakuuambia mgomba, "nani alikuwa anakuitikia?"

"Bibi mmoja, Mama. Mto ulimchukulia binti yake. Ndiye aliyeniuguza. Alikuwa ananiita jina la mwanawe."

"Na wewe ukaitika?"

Hosiana angeweza kusema hapana. Watu wengi walikuwa wanasikia, na Mchungaji Eliya alikuwa amekuja mpaka nyuma ya jiko.

"Niliitika, Mama."

"Basi ndiyo maana akakuitikia mbele yangu," Bibi Esta akasema. Akaanza kuivuta mizizi itoke kwenye gauni, mmoja mmoja, kama anamvua nguo mtoto aliyelala. Ilitoka kwa shida, inalia. Akalikung'uta gauni udongo, akamrushia bintiye juu ya shimo. "Vaa."

Hosiana alilivaa juu ya nguo zake. Lilikuwa zito, la baridi, na kwenye mapindo ya mikono lilikuwa limepanuka kupita viganja vyake, limezoea mikono mingine.

"Haya. Niamkie."

"Mama, shikamoo."

Donatus aliondoa kofia. Suzana alikuwa anatafuna ncha ya kanga yake. Bibi Esta akalitazama shimo kwanza, kana kwamba anampa mwingine nafasi. Hakuna aliyeitika kutoka chini. Ndipo akasema, kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Marahaba, Hosiana. Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Hakuanguka. Alimshika bintiye mkono, mkono wa joto, wakaingia ndani, na Donatus akamwambia Hosiana moja kwa moja, bila mbuzi, kwamba amekonda. Jioni Mchungaji Eliya alikuja na amina yake, akaitoa nzima, akarudia mara kadhaa. Suzana akaleta maandazi mapya. Mgomba ulikatwakatwa ukachomwa, shimo likafukiwa likashindiliwa. Maganga aliomba mche mmoja akapande kwake. Watu wote walikataa kwa pamoja.

Jumapili ikaja, hakuna aliyezikwa. Bibi Esta akaanza kula ugali.

Ilikuwa siku nyingine, mchana, mama na binti wamekaa kibarazani wanamenya karanga. Makarasha yakanyamaza. Hosiana akajua jua linazama kule, na mwanamke mmoja amesimama mlangoni, anatazama uwanja mtupu, hajui salamu yake imepotelea wapi. Alimhurumia. Hakupanga kusema, mdomo ulizoea saa ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi Esta akaitika pale pale, karanga mkononi.

Wakaendelea kumenya. Halafu, kama siku ile ya simu, likaja itikio la pili, limechelewa. Lilitoka nyuma ya nyumba, chini ya udongo ulioshindiliwa, likipanda mwishoni kama swali.

"Marahabaa?"

Hosiana akamshika mama yake goti. Bibi Esta alikaa anasikiliza mpaka likaisha. Kisha akapangusa maganda kwenye kanga, akachukua fimbo yake, akachota maji kwenye kopo.

"Tumwagie," akasema. "Na yeye ana kiu."